Mti Mmoja Ubaki

Mama mkwe wangu alitupa kichaka chake cha mikaratusi kwa sharti moja: tukikata, mti mmoja ubaki umesimama. Lilikuwa sharti dogo. Mtu akikupa ardhi bure kisha akakuomba mti, unamwachia mti na kusema ahsante. Siku hizi nikipanda barabara ya kutoka Thika kwenda Mang'u na kuuona mti ule peke yake kwenye mteremko, hasira hunipanda, na sina hakika tena hasira yenyewe ni ya nani.

Nianze na binti yangu, maana bila yeye pasingekuwa na farasi wala uwanja. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Nilikaa na uchungu kupita kiasi, na alipotoka hakulia. Watoto waliozaliwa naye wiki ile sasa wako gredi ya nne, wanaruka kamba. Yeye shingo haikushika, mgongo haukushika, na vidole vyake hufumba ngumi kutwa, hata nikimwosha lazima nivifungue kimoja kimoja. Hasemi. Lakini anaelewa kila kitu, na asiyeamini aje ataje chapati mbele yake aone macho yatakavyomgeukia.

Mama mkwe alikuja kumwona hospitalini na chupa ya uji. Akafunua shuka, akatazama, akafunika.

"Kwetu hakuna kitu kama hii," akasema.

Mimi natoka Bungoma, niliolewa Ukikuyuni, na nilielewa vizuri kidole kile kilikuwa kinaelekezwa wapi. Mume wangu, ambaye mbele ya mama yake huwa kama mtoto aliyevunja kikombe, alitazama dirishani. Uji nilikunywa kwa sababu nilikuwa na njaa. Lakini nilimchukia mwanamke yule palepale, na chuki hiyo niliilea sambamba na mtoto.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Kwao, kama kwetu, nyanya humbeba mjukuu mgongoni. Watoto wa shemeji zangu wote walilala mgongoni mwake akichuma kahawa, akienda kisimani, akiimba kanisani. Wangu hakumbeba hata mara moja. Alifika kwetu Gitothua, pale Ruiru, mara chache, akaketi ukingoni mwa kochi, akamgusa mtoto mguu kidogo kama mtu anayepima joto la pasi, akaomba sala ndefu, akaondoka. Mimi aliniita "mwalimu", kwa sababu nafundisha shule ya msingi, na pengine kwa sababu neno hilo halikumlazimu kuniita kitu kingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Mgongo wangu ulikuwa umeshaanza kunilalamikia kabla sijafika arobaini.

Aliyetaja farasi alikuwa mtaalamu wa viungo aliyekuwa akimnyoosha binti yangu, mwanamke mchangamfu mzaliwa wa Ruiru. Jumamosi alifanya kazi Karen, kwenye kituo ambapo watoto kama wangu hupandishwa farasi iwe tiba. Nilicheka. Mtoto asiyeweza kukaa kwenye kiti atakaaje juu ya mnyama?

"Jaribu tu, mama," akaniambia. "Farasi ikitembea, nyonga za mtoto zinatembezwa vile zako zinatembea. Miguu haijui, lakini mgongo unajifunza."

Tulikwenda. Walimpandisha juu ya farasi mzee wa kijivu, mstaafu wa mbio, watu wawili wakimshika huku na huku. Mzunguko wa kwanza aliyumba kama gunia la viazi lililofungwa vibaya. Mzunguko wa pili kichwa chake kikainuka. Kikainuka, kikakaa, akatazama mbele katikati ya masikio ya yule farasi. Nilikuwa sijawahi kuuona uso wa mtoto wangu bila mkono wa mtu kuushikilia kidevuni. Nililia hadi kamasi, na sikuona haya.

Tuliendelea kwenda. Baada ya muda vidole vyake vilianza kufunguka vyenyewe ndani ya manyoya ya shingo ya farasi. Halafu akajifunza kugonga ulimi. Mtaalamu alikuwa akimwambia farasi atembee kwa kugonga ulimi kwenye kaakaa, tok, tok, na siku moja, kabla hajagonga yeye, tukasikia mlio huo ukitoka juu. Hafifu, wenye mate mengi. Farasi akatembea. Binti yangu, ambaye kila kitu maishani mwake alifanyiwa na watu, aliamuru kiumbe kikubwa kiende, nacho kikaenda. Alicheka njia nzima mpaka nyumbani, akiligongea gari ulimi kwenye kila taa nyekundu.

Lakini kutoka Gitothua hadi Karen ni kuuvuka mji mzima, na wazazi wengi tuliokutana nao pale walitoka upande wetu: Ruiru, Juja, Thika. Mtaalamu alisema kama tungepata kipande cha ardhi, angeomba wamwachie yule farasi wa kijivu tuanzishe kituo chetu. Mume wangu akaenda kwa mama yake na simu, akamwonyesha video ya mtoto akiwa ameinua kichwa. Aliniambia mama yake aliitazama, akaomba airudie, halafu akaenda kukamua ng'ombe. Aliporudi na ndoo akasema, "Ile kichaka ya huko chini, mchukue."

Penye miti hapana wajenzi, husemwa. Sisi wajenzi tulikuwepo, miti ndiyo iliyotutoa jasho. Mikaratusi ile ilipandwa na baba mkwe, na tangu afe hakuna aliyeigusa. Ilikuwa imesongamana hivi kwamba chini hapakuota hata nyasi, magome tu yaliyobambuka na vijiti vya kukatika chini ya mguu. Fundi wa msumeno alifika na injini yake, na kwa majuma kadhaa mteremko ule ulinguruma na kuanguka. Mti mkubwa ukianguka ardhi inakupiga kwenye magoti. Harufu ya majani ilikuwa kama dawa ya kifua, ikaingia nguoni, ikafika nami darasani. Tumbili waliokuwa wakiishi mle walikaa kwenye mti wa mwisho wa kila upande mpaka fundi alipoufikia, halafu wakahamia mwingine, na mwisho wakavuka bonde wakilia. Sikufurahia kuwatazama.

Kukata ni sehemu rahisi. Kisiki cha mkaratusi hakifi, ukikiacha kinachipuka, kwa hiyo tulivichimba vile vya uwanjani na kuchoma mizizi. Kila shimo lilibidi lijazwe na kushindiliwa, kwa sababu farasi akitumbukiza mguu shimoni mguu unavunjika, na farasi aliyevunjika mguu haponi. Wazazi wengine walikuja kutusaidia. Tulipanga mstari, tukapita uwanja mzima tumeinama, tukiokota vijiti na mawe kwa mkono, akina baba wa mtaa wa Membley wenye suti za ofisi na akina mama wa sokoni, kila mmoja akifikiria mtoto wake akianguka hapo. Mama mkwe alikuwa juu, kwenye lango la boma lake, ameshika tama.

Siku fundi alipokaribia katikati, mama mkwe aliteremka.

"Hii hapana," akasema, akiweka kiganja kwenye mti wa avokado, mti pekee mle ndani ambao haukuwa mkaratusi. Marehemu mumewe aliupanda. "Mlisema mti moja itabaki. Ni hii."

Mume wangu akamuuliza kwa upole kwa nini lazima ubaki, na hapo ndipo nilipoisikia desturi yenyewe. Zamani, alisema, watu wao walipofyeka msitu walime, waliacha mti mmoja umesimama katikati ya shamba. Roho za miti iliyokatwa hazina pa kwenda, na roho isiyo na makao huingia nyumbani mwa watu. Kwa hiyo unaziachia mti mmoja, zote zihamie humo. Mti huo haukatwi. Na kama ni lazima ukatwe, unavunja tawi, unaliegemeza kwenye shina, unaziambia roho kwa adabu kwamba zinahama, kisha unalichukua tawi hilo hadi kwenye mti mwingine. Babake alifanya hivyo, na babu yake pia.

"Lakini mum, si wewe ni Mkristo?" mume wangu akasema. Mama yake alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe kichwani kila Jumapili.

"Hata Mkristo ukimfukuza kwa nyumba yake anatafuta pahali pa kulala," akajibu.

Nilimnong'oneza mume wangu kwamba roho hizo zina akili, zimejichagulia mti wenye matunda. Alinitazama kama ningelaaniwa, lakini alicheka.

Mtaalamu hakucheka. Alimwita kando mama mkwe, nasi tukiwepo, akamwita cucu, yaani nyanya, akamweleza neno kwa neno. "Cucu, hii mti ni sumu kwa farasi. Majani, magome, matunda, yote. Farasi ikikula inaweza kufa. Naomba tuikate, tuache hata mkaratusi moja."

"Sumu?" Mama mkwe alishangaa kweli. "Mimi nimekula makorobia, hii avokado, tangu nizaliwe. Ng'ombe zangu zinaokota hapo chini, na bado nazikamua."

"Ng'ombe ni ng'ombe, cucu. Farasi ni tofauti."

Mama mkwe alitutazama mmoja baada ya mwingine. Ni lazima niseme hapa kitu ambacho wakati ule nilikijua bila kukipima. Tangu awe mjane, ndugu za mumewe walikuwa wakimjia na sababu. Mara kahawa ina ugonjwa, ing'olewe yote. Mara mpaka ulipimwa vibaya. Kila mmoja aliondoka na kipande. Alikuwa amejifunza kwamba mtu anayetaka kitu chako haji mikono mitupu, huja na sababu.

"Kama mnataka mti yangu, semeni mnataka mti," akasema, akapanda zake nyumbani.

Basi tukapatana. Mti ungebaki, nasi tungeuzungushia ua wa fito za ile mikaratusi, mpana kuliko urefu wa shingo ya farasi, na kila siku mtunza farasi angefagia majani yaliyopeperuka. Mtaalamu aliupima ua yeye mwenyewe. Aliridhika, nasi tukaridhika. Tulimzuia farasi asiufikie mti. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba mti ungeweza kumfuata farasi.

Farasi wa kijivu aliletwa na lori baada ya mvua. Jumamosi za kwanza zilikuwa njema, na nazitaja haraka kwa sababu zinaniuma. Watoto walikuja, wakapanda, wazazi tuliegemea ua wa uwanja tukiwa tumekaza taya. Mama mkwe aliteremka kuangalia Jumamosi ya pili. Binti yangu alipitishwa mbele yake, kichwa juu, vidole wazi shingoni mwa farasi, akigonga ulimi. Mama mkwe alishika fito ya ua. Midomo yake ilikuwa ikienda, sijui kama ni sala. Baadaye alitushushia birika la chai na nduma za kuchemsha, akampa binti yangu chai kwa kijiko, polepole, akimfuta kidevu. Mimi nilijifanya sioni. Nilitaka amwombe msamaha mtoto, au mimi, na chai haikunitosha.

Tangu siku hiyo alimpenda yule farasi. Mwanzo alimwogopa, akimtupia maneno kutoka mbali, halafu akaanza kumgusa pua. Kila asubuhi baada ya kukamua aliteremka kumjulia hali. Na jambo moja likaanza kumsumbua.

"Mwalimu, hii farasi yenu haishibi? Mbavu inahesabika."

"Ni farasi wa mbio, mama. Hivyo ndivyo walivyo."

"Watu wakitoka kanisa wananiuliza kama kwangu kuna njaa."

Mtaalamu alimweleza vilevile, na mtunza farasi, mzee wa Kakamega aliyekaa na farasi maisha yake yote, akamweleza kwa mara ya tatu. Alitikisa kichwa. Kwa mama wa Kikuyu, mnyama aliyekonda ndani ya boma lake ni aibu kubwa kuliko nguo iliyopasuka. Ng'ombe wake hawatoki zizini, yeye ndiye anayewatokea na panga na kamba kukata nyasi, kukata mabua, kubeba mzigo wa kijani kichwani hadi kwenye hori. Kwake, kumpenda mnyama ni kumkatia. Na farasi huyu alikuwa akila nyasi kavu zilizofungwa kwa kamba, rangi ya ufagio.

Kiangazi kilikuja kikali mwaka huo. Mikaratusi ikiwa imeondoka, mteremko ulibaki mwekundu na mtupu, vumbi likipanda hadi jikoni kwake. Nyasi za ng'ombe zilikauka kwenye makonde yote. Mtunza farasi akafiwa na kaka yake, akaomba ruhusa aende nyumbani kuzika. Mama mkwe akasema atamtunzia farasi: maji asubuhi na jioni, nyasi kavu kutoka stoo. Nani angemkatalia? Alikuwa amefuga wanyama kabla sisi hatujazaliwa.

Jumamosi iliyofuata tulifika asubuhi, mume wangu, mtoto na mimi. Mtaalamu alikuwa ametangulia. Nilimwona kwa mbali amepiga magoti kwenye banda, na nilijua kabla sijafika, kwa sababu hakugeuka aliposikia gari. Farasi alikuwa amesimama miguu imetanuka. Kichwa chake kilikuwa kimevimba. Macho yamezama, midomo imejaa kama ya mnyama mwingine kabisa, ulimi umetokeza, na chini ya shingo mpaka kifuani ngozi ilikuwa imejaa maji. Kila pumzi aliivuta kwa sauti.

Daktari wa mifugo alikuja kutoka Thika. Alimpima, akamdunga sindano, akauliza, "Amekula nini?"

"Amekula vizuri sana," mama mkwe akasema. Alikuwa amesimama nyuma yetu na beseni la maji. Alikuwa na wasiwasi, lakini sauti yake ilikuwa na fahari kidogo, ninaikumbuka. "Hata zaidi ya hiyo nyasi yenu. Mimi namkatia majani mabichi kila siku, mzigo mzima, na anamaliza."

"Majani gani, cucu?"

Hakukuwa na haja ya jibu. Kwenye mteremko wote, kutoka barabarani hadi mtoni, kulikuwa na kitu kimoja tu cha kijani. Sote tuligeuka tukautazama ule mti ndani ya ua wake mzuri, na matawi yake ya chini yote yalikuwa yamekatwa, safi, kwa panga kali la mtu anayejua kukata.

"Nilidhani mnataka tu mti," akasema. Aliliweka beseni chini taratibu, asimwage maji.

Nilimrukia kwa maneno. Nilisema mambo kwa Kiswahili na mengine kwa lugha ya mama yangu, yale ya hospitalini, yale ya mgongo, miaka yote. Mume wangu alinishika mkono, nikamsukuma. Mama mkwe alisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa. Hakusema kwamba hakujua, na kweli hangeweza kusema, kwa kuwa aliambiwa mbele yetu sote. Daktari alisema moyo wa farasi ndio ulioharibika, na kwamba sindano ni za kutuliza tu.

Binti yangu alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na gari, tumemsahau. Alimwona farasi wake. Akagonga ulimi. Farasi alisogeza sikio, sikio moja, upande wake. Akajaribu kuinua mguu wa mbele. Mtaalamu alifunika uso kwa mikono yake akasema, "Mtoeni mtoto hapa, tafadhali mtoeni." Nilimwondoa, nikakaa naye ndani ya gari vioo vimefungwa, akaendelea kugonga njia nzima mpaka Ruiru. Farasi alianguka alasiri hiyo. Walimzika palepale, kwenye shimo walilolipanua mahali kisiki kikubwa kuliko vyote kilipochimbwa.

Hatukupata farasi mwingine. Kituo cha Karen kilikuwa na wake wachache, na baada ya lile, nani angetukabidhi? Mtaalamu bado anatafuta, hupiga simu, huomba huku na huku, na sauti yake kila mara ni ndogo kidogo kuliko mara ya mwisho. Wazazi walitawanyika. Binti yangu alianza kurudi alikotoka. Kwanza vidole vikafunga. Halafu shingo, kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja nikimlisha nikagundua mkono wangu uko chini ya kidevu chake tena na sikumbuki siku ulipoanza. Kilichobaki ni ulimi. Aliugonga kwa kiti, kwa mlango, kwa ukuta. Alivigongea vitu, akavingoja vitembee.

Likizo ya shule ilipofika nilimtafuta yule fundi wa msumeno nikampandisha Mang'u. Mume wangu hakutaka kuja. Mtoto sikuwa na wa kumwachia, nikaenda naye, nikamweka kwenye kiti chake kando ya uwanja. Nilitaka mti ule uanguke nikiwa natazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita na mama mkwe, maneno yote nimeyapanga.

Aliteremka peke yake. Alikuwa amekonda, na kitambaa kichwani kilifungwa ovyo.

"Kata," akasema kabla sijafungua mdomo. "Lakini ngoja kwanza niziambie."

Alivunja tawi dogo, akaliegemeza kwenye shina, akasema nalo kwa Kikuyu kwa sauti ya chini, kama anavyosema na ng'ombe anayezaa. Alichukua muda. Fundi alivua kofia. Kisha mama mkwe akalichukua tawi kwa mikono miwili, akageuka kulipeleka kwenye mti mwingine.

Akasimama. Alitazama juu, akatazama chini kuelekea mtoni. Kulikuwa na vumbi jekundu, visiki vyeusi na uwanja wetu. Tulikuwa tumefanya kazi nzuri. Hakukuwa na mti. Fundi alinitazama, nami sikumpa ishara yoyote. Mama mkwe alianza kutembea na lile tawi kandokando ya ua wa uwanja, kwenye njia ileile farasi aliyokuwa akipita, polepole, akitazama kila upande, kama mti ungeweza kujitokeza akifika kwenye kona.

Alipopita mbele ya kiti cha magurudumu, binti yangu akagonga ulimi.

Mama mkwe alisimama. Aliujua mlio ule, aliusikia Jumamosi zote zile akiwa ameshika ua. Mtoto akagonga tena. Nyanya yake aliliweka tawi juu ya fito, akaja mpaka niliposimama, akanipa mgongo, akainama.

"Nifungie, mwari," akasema. Mwari ni binti kwa Kikuyu. Hakuwahi kuniita hivyo.

Miaka yote nilikuwa nimeingoja siku hii, na ilipofika nilitamani kumpiga. Mtoto alikuwa mkubwa mno, miguu yake ilikuwa mirefu, naye mama mkwe alikuwa mzee. Nilitoa leso kwenye gari. Nilimwinua binti yangu, nikamlaza mgongoni mwa nyanya yake, nikafunga fundo kifuani kwa nguvu, na la pili juu yake. Binti yangu akagonga ulimi, na mama mkwe akatembea.

Nilisimama kwenye ua nikitazama. Nilijua nitakachoona, mtaalamu alinieleza zamani: mtoto anayebebwa hahitaji kukaa, mgongo wake haujifunzi kitu. Kichwa cha binti yangu kililala begani mwa nyanya yake, mdomo wazi, mate yakilowesha kitambaa. Ngumi zilikuwa zimefumba. Nilingoja kichwa kiinuke. Niliomba, mimi ambaye sala za mama mkwe zilikuwa zikinichosha. Walipita kona ya kwanza, wakapita ua wa ule mti. Hakikuinuka.

Karibu na mahali tulipomzika farasi mama mkwe aliishiwa nguvu. Alishuka taratibu, goti moja, halafu la pili, mikono ikaenda mchangani, mtoto bado amefungwa mgongoni. Nilikimbia. Alininyooshea kiganja nisimguse. Alikanyaga chini kwa mguu mmoja ili ainuke, akashindwa, akajaribu tena, akihema.

Juu yake binti yangu akagonga ulimi, akangoja.